Umerithi upanga wa kale wa Kifilipino: jinsi ya kuutambua na kuutunza

Mtu akirithi upanga wa kale, wazo la kwanza humjia ni kuung'arisha. Hapo ndipo urithi mwingi unapoharibika. Weusi uliotulia juu ya chuma, uchafu uliojaa kwenye nakshi za mpini na mikwaruzo ya tupa ya mhunzi ndivyo vinavyoeleza upanga umetoka wapi na una umri gani, na ukishavifuta umevipoteza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kutambua. Kusafisha kunafuata baadaye, tena kidogo kuliko unavyodhani.

Silaha za Ufilipino zimetapakaa duniani. Nyingi zilibebwa na askari wa Kimarekani katika vita vya kuanzia 1899, hasa waliopigana na Wamoro, Waislamu wa kusini, hadi 1913. Nyingine ziliuzwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904, na nyingine zilitoka na askari wa Vita Kuu ya Pili. Familia za Kifilipino zilizohamia ng'ambo nazo zilibeba zao. Kwa sisi tulioishi Ghuba au Marekani na kuoana na Wafilipino, si ajabu siku moja mkwe akakukabidhi kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga au taulo na kusema, "Hiki kilikuwa cha lolo," yaani cha babu.

Kuchomoa bila kukatwa

Ala nyingi za Kifilipino ni mbao mbili zilizobanwa pamoja kwa henzerani, uzi au vikanda vya fedha na shaba. Miaka inavyokwenda, vifungo hulegea. Ukiikumbatia ala kwa kiganja na kuvuta, makali yanaweza kupenya kwenye unganiko la mbao na kutokea pale pale vidole vyako vilipo. Mapanga yaliyolala miaka sabini bado hukata.

Tandaza taulo nene mezani. Laza upanga makali yakitazama upande usio na mtu. Ishike ala kwa ncha za vidole upande wa mgongo tu, kisha uvute mpini taratibu huku mgongo wa upanga ukisuguana na mgongo wa ala. Ukigoma, usilazimishe na usimimine mafuta ndani ya ala, kwa sababu mbao itayanywa na kuyahifadhi dhidi ya chuma kwa miaka. Mara nyingi mbao imevimba kwa unyevu tu. Uweke mahali pakavu penye hewa, mbali na jua na hita, ujaribu tena baada ya siku kadhaa.

Vaa glavu za mpira. Chumvi ya jasho huacha alama ya kidole, na baada ya wiki chache alama hiyo huwa kutu yenye umbo la kidole.

Picha, vipimo na maneno ya wazee

Piga picha kivulini, na rula ionekane ndani ya picha: pande zote mbili za ubapa, mgongo kutoka juu, mahali ubapa unapoingia kwenye mpini, kichwa cha mpini kwa ubavu na kwa juu, kisha ala mbele na nyuma. Kama kuna karatasi iliyobandikwa, namba ya wino au maandishi yaliyochorwa kwa msumari, yapige kwa karibu na uyaache yalivyo. Karatasi chakavu yenye jina la kisiwa na mwaka inaweza kuwa na thamani kuliko fedha iliyopo kwenye mpini.

Sasa vipimo. Urefu wa ubapa upimwe kwa mstari ulionyooka kutoka mpini hadi ncha, hata kama upanga umepinda. Pima upana pale ulipo mkubwa. Halafu chukua kipimo ambacho wengi hukiruka: unene wa mgongo mahali patatu, karibu na mpini, katikati, na sentimita mbili hivi kabla ya ncha. Upanga uliofuliwa kwa nyundo hupungua. Barong nzuri, upanga mpana wa Wamoro, inaweza kuanzia milimita saba au nane karibu na mpini na kuishia mbili tu karibu na ncha. Kitu kilichokatwa kwenye bati la chuma ili kiuzwe kwa watalii kina unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Kipimo hiki peke yake hutatua ubishi mwingi.

Kisha kaa na wazee wa familia. Nani aliuleta? Kutoka mji gani, kisiwa gani? Alikuwa askari wa kikosi gani, au mwalimu, au mfanyabiashara? Andika maneno yao kama walivyoyasema pamoja na tarehe ya mazungumzo, hata yale usiyoyaamini. Familia nyingi husema upanga ni wa sultani fulani au ulimuua fulani. Yaandike kama simulizi, si kama ushahidi.

Ni wa nani? Ufilipino si kabila moja

Nchi ina visiwa zaidi ya 7,000, na kusema "upanga wa Kifilipino" ni kama kusema "ngoma ya Kiafrika". Swali la kufaa ni hili: ni wa Wamoro, yaani Waislamu wa Mindanao na visiwa vya Sulu, au wa Visaya, visiwa vya kati, au wa Luzon, kaskazini?

Anza na krisi, kwa kuwa ndiyo inayopatikana zaidi mikononi mwa warithi, na ndiyo yenye mengi ya kusomwa. Krisi ya Wamoro ina makali pande zote mbili na hupanuka ghafla karibu na mpini. Ubapa unaweza kuwa na mawimbi tangu juu hadi ncha, kunyooka kabisa, au kuanza na mawimbi na kumalizia umenyooka. Idadi ya mawimbi kwa desturi huwa witiri. Usiichanganye na keris ya Java: ile ni nyepesi, ya kuchoma, ilhali ya Wamoro ni kubwa na ya kukata.

Chukua kioo cha kukuzia na utazame sehemu ile pana chini ya mpini, inayoitwa ganga. Katika krisi za zamani ganga ni kipande cha pekee, kimefuliwa mbali kisha kikabanwa kwenye ubapa kwa ustadi mkubwa. Utaona mstari mwembamba unaokatiza upana wa chuma, nao ukiufuata utauona umezunguka hadi ukingoni na kutokea upande wa pili. Kadiri karne ya 20 ilivyosonga, mafundi waliacha kazi hiyo ngumu na kufua kitu kizima, wakachora tu mstari wa mapambo. Mstari wa kuchorwa hauzunguki ukingoni. Wakusanyaji huchukulia kwamba krisi isiyo na unganiko la kweli kwa kawaida ni ya miaka ya 1930 au baada ya hapo. Ni kanuni ya kuongoza, si hukumu ya mahakama.

Tazama pia vibanio vya chuma, shaba au fedha vinavyoshika ganga na kupanda kwenye mpini. Huitwa asang-asang, navyo huwa kimoja au viwili. Kilichokatika ni jambo la kawaida. Kilichopotea kabisa huacha kivuli chake juu ya chuma, na kivuli hicho pia kipigwe picha. Kichwa cha mpini mara nyingi kina umbo la kakatua, kasuku mweupe mwenye kishungi: mdomo upande mmoja, kishungi upande wa pili, vikiwa vimerahisishwa mpaka mtu asiyeambiwa hatambui kuwa ni ndege. Mipini ya watu wakubwa ilitengenezwa kwa pembe za ndovu, fedha, au mbao ngumu yenye mishipa mizuri.

Barong ni ya Watausug wa Sulu na majirani zao. Ina makali upande mmoja, ubapa mpana wenye umbo la jani, mara nyingi kati ya sm 30 na 45, na ukiushika utahisi uzito umekaa mbele. Kichwa cha mpini ni kakatua tena, na sehemu ya kushikia mara nyingi imevikwa mrija wa fedha na kusokotewa uzi. Usishtuke ukikuta muhuri wa herufi za Kichina kwenye ubapa. Biashara kati ya Sulu na Wachina ni ya karne nyingi.

Kampilan huwezi kuikosea. Ni ndefu, jumla karibu mita moja, nyembamba karibu na mpini na pana kuelekea ncha, na nchani mara nyingi pana mwiba mdogo. Mpini wake umepasuka nyuma kama kinywa cha mamba kilicho wazi. Kila muuzaji wa kampilan ana hadithi ya Lapu-Lapu na kifo cha Magellan pale Mactan mwaka 1521. Msikilize kwa adabu, kisha pima unene wa mgongo. Panabas, yenye mpini mrefu na ubapa uliopinda mbele kama shoka, ni nadra zaidi.

Ukienda Visaya mambo hubadilika. Tazama makali kutoka kwenye ncha, kama fundi seremala anavyotazama patasi. Mapanga ya Panay, talibong na tenegre, mara nyingi yana upande mmoja bapa kabisa na upande wa pili umechongwa kushuka kwenye makali. Kwa hiyo panga lina mkono wake: lililotengenezwa kwa mtu wa shoto limegeuzwa, na ni machache. Mpini wa pembe au mbao huchongwa kichwa cha kiumbe mwenye pua ndefu na meno. Samar na Leyte zina mapanga yao ya kazi na ya vita. Ni kwa mapanga ya aina hiyo watu wa Balangiga, mji wa Samar, waliwavamia askari wa Kimarekani tarehe 28 Septemba 1901.

Luzon nitaipitia haraka. Shoka la Wakalinga na majirani zao wa milimani, lenye mwiba nyuma ya kichwa, linajitambulisha lenyewe. Kisu cha kukunja chenye mpini uliogawanyika mara mbili ni balisong, na nyumbani kwake ni Taal, mkoa wa Batangas. Panga la kawaida lisilo na pambo lolote ni bolo au itak, chombo cha shamba kama panga letu, na wengi hulidharau. Wasilidharau. Bolo lililokata nazi miaka arobaini na mpini wake ukalainika kwa kiganja cha mtu mmoja lina haki ya kutunzwa kuliko krisi ya dukani.

Umri, na dalili za kitu cha watalii

Chuma cha zamani, hasa cha Wamoro, mara nyingi kilifuliwa kwa matabaka ya chuma laini na feleji. Elekeza tochi kwa pembe ya chini sana, karibu ilale juu ya ubapa, na utaona mistari kama nyuzi za mbao. Wakusanyaji wengi hupaka siki au maji ya ndimu ili mistari hiyo ijitokeze. Kwa upanga wa familia ambao haujatambuliwa vizuri siungi mkono, tochi inatosha.

Baada ya vita vya 1941 hadi 1945, springi za magari ya jeshi ziligeuka malighafi ya wahunzi wa Kifilipino, kama zilivyo kwa wahunzi wetu hadi leo. Mpini wenye pete za alumini, au tabaka za plastiki angavu iliyotoka kwenye madirisha ya ndege, unaelekeza kwenye kipindi hicho. Si uchafuzi huo, ni historia yake.

Dalili za kitu cha watalii ni unene usiobadilika, mawimbi yaliyokatwa kwa mashine, makali yasiyowahi kunolewa, jina la mji lililochorwa kwenye ubapa, na mpini mdogo usiojaza kiganja. Kama silaha yako ni ndogo na iliwahi kubanwa kwenye ngao ya ukutani iliyoandikwa "Weapons of Moroland", ni pambo la nusu ya pili ya karne ya 20. Litunze kwa ajili ya aliyelileta, lakini usilipie bima.

Angalia pia kama sehemu zote ni za familia moja. Mipini ilibadilishwa, ala ziliazimwa. Upanga unaocheza ndani ya ala, au unaotokeza ncha, pengine ulipewa ala ya ndugu yake.

Kusafisha: polepole, na kwa mafuta

Tofautisha kwanza kutu hai na weusi uliotulia. Gandamiza kitambaa cheupe juu ya doa kisha ukiangalie. Kikitoka na unga wa rangi ya chungwa, kutu bado inakula. Kikitoka kisafi na doa likabaki jeusi au kahawia laini, liache. Weusi huo ni ngozi ya chuma.

Ondoa vumbi kwa brashi laini. Funga mpini kwa karatasi ya plastiki ili chochote kisiufikie, kwa sababu ubapa umeshikiliwa ndani kwa utomvu mgumu, wa jamii ya vitu kama sandarusi yetu, na vimiminika vya kuyeyusha rangi vitauyeyusha. Kisha pangusa ubapa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kutoa mafuta ya zamani yaliyoganda. Futa kila mara kwa urefu wa upanga, kamwe usifute kuelekea kwenye makali.

Pakaa mafuta ya cherehani juu ya kutu nyekundu na uache siku moja au mbili. Baada ya hapo kwangua kwa kitu kilicho laini kuliko chuma: kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kipande cha mfupa, au ukingo wa sarafu ya shaba nyekundu. Utaona kutu ikitoka kama tope la kahawia. Pangusa, ongeza mafuta, rudia. Kwa madoa magumu tumia sufi ya chuma namba 0000, iliyolowa mafuta, kwa mkono mwepesi na kwa urefu wa ubapa, usizungushe. Acha kabla hujaridhika. Mashimo madogo yaliyoliwa na kutu yatabaki, na kuyafukuza ni kula chuma kizima kilichoyazunguka.

Usitumie msasa, jiwe la umeme, dawa za kuondoa kutu, soda wala ndimu. Na usinoe. Kunoa kunabadilisha umbo la makali, na umbo hilo ni sehemu ya utambulisho.

Ukimaliza, ondoa mafuta yote kwa spiriti na upake nta nyembamba ya aina inayotumiwa na makumbusho, kisha ing'arishe kwa pamba. Usipoipata, mafuta mepesi ya madini yanafaa, ila yafutwe na kupakwa upya kila baada ya miezi michache. Mafuta ya nazi na ya kupikia huchacha, na mengi ya kupikia hugeuka gundi ya njano.

Mpini na ala havitaki mengi. Mbao ni brashi na nta kidogo sana. Uzi na henzerani visiguswe na maji. Fedha ipanguswe kwa kitambaa kikavu tu. Weusi ulio ndani ya mifereji ya nakshi ndio unaoifanya isomeke. Ukoga wa kijani kwenye shaba ondoa kwa kijiti cha mbao na tone la mafuta. Mpini ukilegea, usimimine gundi. Gundi ya kisasa haitoki bila kuvunja kitu, na fundi wa makumbusho atakayeujia baada yako hatakuwa na pa kuanzia.

Kama unashuku pembe za ndovu, tafuta kwa kioo cha kukuzia mistari inayokatana kwa pembe kwenye uso uliokatwa mkingamo. Mfupa huonyesha vitundu na vistari vidogo vyeusi badala yake. Pembe haipendi maji, jua wala joto la ghafla, hupasuka.

Mahali pa kuuweka

Upanga usiishi ndani ya ala. Mbao hushika unyevu, na ndani mna uchafu wa vizazi. Vihifadhi pamoja lakini mbalimbali, kila kimoja ndani ya karatasi isiyo na asidi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato. Gazeti, ngozi na sponji havifai. Unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 ni mapatano mazuri kati ya chuma kinachotaka ukavu na mbao inayopasuka ikikaushwa mno. Kwa anayekaa Mombasa, Tanga au Salala ya Oman wakati wa harifu, msimu wa ukungu na manyunyu, hilo halipatikani bila sanduku lenye muhuri na vifuko vya kukausha hewa. Kagua kila baada ya miezi mitatu. Ukiona unga mpya wa mbao chini ya ala, kuna mdudu mtoboa mbao. Itenge ndani ya mfuko uliofungwa kabla hajahamia kwenye samani.

Ukitaka kuutundika, uulaze kwenye vishikio viwili vilivyofunikwa kitambaa, mbali na ukuta wa nje, mbali na jiko, na juu kuliko mkono wa mtoto.

Sheria, na swali la kurudisha

Kusafiri nao kunahitaji maandalizi. Ndani ya Ufilipino, sheria ya Batas Pambansa Bilang 6 ya mwaka 1978 inakataza kubeba silaha za makali nje ya nyumba isipokuwa kwa kazi, na kutoa vitu vya kale nchini humo kunadhibitiwa chini ya sheria ya urithi namba 10066, kibali kikiombwa Makumbusho ya Taifa. Pembe za ndovu zinaingia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na nchi nyingi zina masharti makali zaidi ya mkataba wenyewe. Mpini mmoja wa pembe unaweza kufanya upanga wote ushikiliwe na forodha. Uliza kabla ya kununua tiketi.

Kuna panga zilizookotwa kwenye miili. Bud Dajo, Machi 1906, na Bud Bagsak, Juni 1913, ni milima ya Jolo ambako mamia ya Watausug waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, na silaha zao zikawa kumbukumbu za askari. Kama barua za familia yako zinataja majina hayo, ziweke pamoja na upanga na usizifiche. Kengele za kanisa la Balangiga zilizochukuliwa na askari wa Kimarekani 1901 zilirudishwa Desemba 2018, kwa hiyo mazungumzo ya kurudisha si ndoto. Hata usipofikia huko, unaweza kuwatumia picha na vipimo vyako Makumbusho ya Taifa ya Ufilipino, au makumbusho yenye mkusanyiko mkubwa kama Field Museum ya Chicago, inayohifadhi vitu takriban 10,000 vya Kifilipino. Tuma picha kwanza, upanga ubaki nyumbani, na nakala ya maelezo yote uiweke ndani ya sanduku lenyewe, kwa penseli, kwenye karatasi isiyo na asidi.